Vyungu Vilivyopasukia Nyumbani kwa Rispa

Dada yangu Selina haniiti kwa mambo madogo. Akiugua, mimi hupata habari akishapona. Upepo ulipong'oa nusu ya paa lake, niliambiwa na watu wa kando. Kwa hiyo Jumanne ile, saa nne asubuhi, nikiwa napalilia sukumawiki nyuma ya nyumba yangu Nakuru, simu ilipolia na yeye akasema, "Zakayo, kuja. Jumamosi watu wa Musanda wanakuja kuchukua mtoto wao, na wewe ndio khotsa," niliweka jembe chini hapo hapo.

Khotsa kwetu Waluhya ni mjomba, ndugu wa mama. Mpwa akioa, khotsa yupo. Ndoa ya mpwa ikivunjika, khotsa huketi katikati na kusema maneno ya mwisho. Mpwa wangu ni Wycliffe, mtoto wa pekee wa Selina, askari wa lango huko Nairobi, ambaye ruhusa ya kuja nyumbani huipata kwa shida. Mke wake anaitwa Rispa, msichana wa Musanda, kwenye mashamba ya miwa. Hawajamaliza miaka miwili tangu waoane, na mimi ndiye niliyekula kuku wa siku ile.

"Kwani amefanya nini?" nikauliza.

"Utaona ukifika," akasema. Kisha akalia. Sijamsikia dada yangu akilia tangu tulipomzika mumewe.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Nakuru nikiwa nimekaa mbele kwenye lori la jirani yangu Kirui. Alikuwa anakwenda Koru kupakia chokaa ya shamba, aipeleke Kakamega, na mimi mzee mstaafu sikuona haya kubebwa bure. Tulipanda Londiani kwenye baridi, tukateremka Fort Ternan jua likianza kuuma. Kirui si mtu wa kunyamaza.

"Mzee, hayo maneno utakayosema Jumamosi umeshayapanga?"

"Nimeshayapanga."

Na kweli nilikuwa nimeyapanga. Yalikuwa maneno mazuri ya kuagana bila matusi, kwamba binti ni wetu sote, kwamba kutengana si uadui. Nilikuwa hata nimechagua pa kutulia kidogo ili watu waitikie. Ninayataja kwa sababu mwishoni yatanirudia.

Saa tano tuliingia Koru. Mtu asiyepajua atadhani kumemwagika unga: majani meupe, mapaa meupe, hata mbuzi wa kando ya barabara wana miguu meupe. Nilifanya kazi kwenye maabara ya udongo maisha yangu yote, kwa hiyo nilimpa Kirui somo ambalo hakuniomba. Nilimwambia kwamba zamani za kale, kabla ya mtu yeyote kuwa na jina, hapa palikuwa na volkano ya ajabu, iliyotapika jivu lenye chokaa ndani yake. Jivu likalala, likashikana, likawa jiwe. Leo watu wanalivunja, wanalisaga, wanalipeleka kwenye mashamba ya nchi za mvua nyingi kama kwetu, ambako maji yameosha udongo mpaka ukawa mkali na mahindi yanatoka manjano.

"Mwaka jana nilimtumia mpwa wangu magunia manane ya hii hii," nikasema kwa kiburi kidogo. "Hukuona mahindi aliyovuna!"

"Wewe ni mjomba wa maana," Kirui akasema, akashuka kusimamia upakiaji.

Saa kumi jioni, tukiwa tumepita Kisumu, Chavakali na Khayega, Kirui alinishusha Ilesi. Lile jiwe kubwa linalolia lilikuwa pale pale juu ya kilima, limebeba jiwe jingine kichwani, machozi yake yakitiririka kifuani. Watoto wa huku hufundishwa kwamba halinyamazi hata wakati wa kiangazi. Mimi nililiangalia kwa jicho la kazi yangu ya zamani. Ni jiwe la itale, lililopoa polepole chini kabisa ardhini mpaka chembe zake zikawa kubwa za kuonekana kwa macho: za kioo, nyeusi zinazometa, na zile za rangi ya maziwa. Mvua ikilipiga miaka na miaka, zile za maziwa huoza. Ndiyo, hata jiwe huoza. Zikioza huwa udongo laini, maji huzibeba hadi bondeni, na huko ndiko wanawake wa Ilesi wanakoenda kuzichimba wafinyange vyungu. Za kioo haziozi, zinabaki kuwa mchanga wa kijito, ule wanaouchanganya na udongo huo. Chungu cha Ilesi ni mtoto wa jiwe lile upande wa baba na wa mama.

Nyumbani kwa Selina nilipokewa mkoba na Rispa. Ni msichana mrefu, mwenye sauti ya chini, na siku ile alikuwa amekonda.

"Karibu, khotsa. Mulembe."

"Mulembe, mama. Habari ya hapa?"

"Tuko tu," akasema, akaenda kunichotea maji ya kunawa. Alipita mbali na kibanda cha kufinyangia. Ilibidi azunguke shamba lote la migomba, lakini alizunguka.

Nilielewa kwa nini. Selina ni mfinyanzi, na yeye na wenzake wana sheria zao. Mke wa mtoto hagusi udongo wala kuuzungumzia, mpaka siku mama mkwe atakapompa tonge la kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Kabla ya hapo, udongo si wake. Selina mwenyewe alipewa tonge lake baada ya kuzaa, na bado anaisimulia siku hiyo kama watu wengine wanavyosimulia kubatizwa.

Tulipoketi, Selina alinieleza. Alikuwa amezeeka tangu Krismasi.

"Ndugu yangu, nimechoma vyungu mara tatu tangu mvua ianze. Vyote vinatoka kwa moto vikiwa vizima. Nagonga na kidole, vinalia vizuri kabisa. Nyumba yangu inavuja, unajua, kwa hivyo navipeleka kwa nyumba ya mtoto, ile ya mabati. Siku ya nne, siku ya tano, vinaanza kupasuka. Vimekaa tu! Hakuna mtu amevigusa. Pap! Kipande kinaruka."

"Vyote?"

"Vyote. Na Fanisi, ile tunachomanga na yeye kutoka zamani, amesema hatachoma na mimi tena mpaka huyu msichana atoke. Wanasema huyu akiangalia chungu kinavunjika. Ana jicho." Alisema neno hilo la mwisho kwa kunong'ona, akitazama mlangoni. "Mimi sikutaka kuamini, Zakayo. Nampenda huyo mtoto. Lakini njoo uone."

Aliniingiza jikoni kwake, akanyoosha kidole juu. Kwenye utaa, ule uchaga wa fito unaoning'inia juu ya meko na ambako watu hukaushia mahindi ya mbegu, palikuwa na chungu kimoja, kimeshaanza kuwa cheusi kwa moshi.

"Hicho ni cha moto ule ule wa mwisho. Nilikificha. Rispa hajawahi kukiona na macho yake. Na angalia, kiko kizima!"

Ule ulikuwa ushahidi, na ulikuwa mzito. Jioni ile Rispa alitupikia obusuma, ugali wetu, na mboga ya mrenda iliyolainishwa kwa maji ya majivu, ile chumvi ya kienyeji, akatuwekea mezani akatoka. Nilikula vizuri kuliko nilivyostahili.

Ijumaa asubuhi, baada ya chai, nilimwomba Rispa anionyeshe vigae. Nilidhani ameshavitupa. Kumbe alikuwa amevikusanya vyote nyuma ya nyumba yake, amevipanga kwenye karai na magunia, kila chungu na vipande vyake.

"Kwa nini uliviweka?"

"Nilionanga aibu kutupa kazi ya mama," akasema.

Nilivaa miwani, nikachukua kigae kimoja. Kilikuwa kimebanduka kama ganda la kidonda, na kuacha shimo dogo la mviringo. Katikati ya shimo palikuwa na nukta nyeupe, laini, ya kupakaa kidoleni kama unga. Nikachukua cha pili. Nukta. Cha tatu, cha kumi. Kila shimo lilikuwa na nukta yake nyeupe.

Nukta hiyo ninaijua.

Nilimfuata Selina kibandani. "Dada, udongo unachimba wapi?"

"Pale pale bondeni. Mahali mama mkwe wangu alichimba."

"Na mchanga wa kuchanganya?"

"Wa kijito. Lakini mvua hii kijito kimejaa, na magoti yangu unayajua. Nikachota ule ulibaki wakati tulijenga nyumba ya Rispa. Uko hapo kando ya ghala. Mchanga mzuri, mweupe."

Kando ya ghala palikuwa na rundo ambalo majani yalikuwa yameanza kulifunika. Nusu ulikuwa mchanga wa kweli. Nusu nyingine ilikuwa changarawe nyeupe iliyovunjwavunjwa, na chini yake pembe ya gunia lililopasuka ilichungulia. Nililivuta. Lilitoka lote, limechakaa, na juu yake palikuwa na maandishi ya kalamu nene: WYCLIFFE, ILESI. YA SHAMBA. Mwandiko ulikuwa wangu.

Nilikaa chini kwenye nyasi zenye umande. Suruali ikalowa na sikujali.

Rispa alikuwa amesimama kwa mbali, kwenye ile njia yake ya kuzunguka. Nilimwita.

"Mama, hii chokaa ilifikaje hapa?"

"Magunia mawili yalipasuka tukishusha. Wycliffe akamwaga hapo juu ya mchanga, akasema ataeneza shambani akirudi. Hakurudi mapema."

"Na wewe ulimwona mama akichota hapa?"

Akaangalia miguu yake. "Nilimuona, khotsa. Siku ya kwanza nilijua si mchanga. Lakini ningesema nini? Udongo si wangu."

Sheria iliyomweka mbali na udongo ndiyo iliyomfunga mdomo, na mdomo huo ndio pekee uliokuwa na jibu. Niliona hasira, na sikujua nimkasirikie nani zaidi ya mwenye mwandiko ule.

Nilimwomba ndimu mbili kutoka mti wa nyuma ya choo. Tukamwita Selina. Nilikamulia ndimu kwenye mchanga wa kijito uliobaki kwenye kikapu chake cha zamani: kimya. Nikakamulia kwenye zile changarawe: zikatoa povu, zikachemka kwa sauti ndogo kama soda. Selina akarudi nyuma hatua moja.

Nikamweleza kwa kadiri ya akili yangu. Chokaa hii ni jiwe lenye hewa ndani yake. Ukiichoma pamoja na chungu, moto hufukuza hewa ile, jiwe linabaki kavu lenye kiu kali. Chungu kinatoka kizima, kinalia vizuri. Lakini ile chembe ndani yake inaanza kunywa unyevu wa hewa, siku hadi siku, na ikinywa inavimba. Ikivimba inatafuta nafasi, na nafasi haipo. Pap!

"Na kile cha utaa?"

"Kinapata moto na moshi kila siku. Kiko kavu. Hakijapata cha kunywa."

Selina alikunja mikono. "Zakayo, wewe umesoma. Mtu amesoma anaweza kufanya ndimu ichemke. Lakini mimi nimeona kwa macho yangu, kile Rispa hajaona ndicho kimepona."

Hakuwa mjinga. Alitaka kitu cha kuonekana, kama alichonacho. Basi nikamwambia akishushe chungu chake yeye mwenyewe. Akilaze kwenye gunia lililoloweshwa maji, akifunike na gunia jingine bichi, akiweke chumbani kwake, afunge mlango, ufunguo abaki nao shingoni. Mimi nisiingie, Rispa asiingie.

"Na kikipona?"

"Kikipona, kesho nitasema maneno niliyokuja nayo."

Jambo moja nilimficha. Sikumwambia gunia lile lilitoka kwa nani. Selina hajui kusoma, nami nilikuwa nimelikunja na kulitia chini ya mkoba wangu. Nilijiambia kwamba cha muhimu ni Rispa kuokoka, haya mengine ni ya nini. Nilitembea mchana kutwa hadi Shinyalu nilikozaliwa, nikipita kwenye vijia vya katikati ya mahindi na chai, nikisalimia watu ambao wengi wao hawanijui tena, na kila niliposimama kunywa maji nilijiambia vile vile. Sikuwahi kuamini.

Jumamosi saa moja asubuhi nilikuwa nje nikipiga mswaki mlango wa Selina ulipofunguka. Alitoka akiwa bado amejifunga leso ya kulalia. Mikononi alikuwa na chungu, na juu ya chungu vipande vyake vitatu. Kitako kilikuwa kimejaa mashimo, na kila shimo lilikuwa na nukta nyeupe.

"Hakuna mtu ameingia," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. "Ni mimi tu na hiki chungu. Kama ni jicho, basi ni langu."

Alikaa kwenye kizingiti, akakipakata kama mtoto. Rispa aliyekuwa akifagia uwanja alisimama na ufagio mkononi, hakuthubutu kusogea. Nami sikuthubutu kusema neno la maabara hata moja.

Saa tano watu wa Musanda walifika, baba yake Rispa na shangazi yake, wamevaa nguo za kanisa, nyuso zimefungwa. Shangazi alikuja na sanduku tupu la kubebea nguo za mtoto wao. Lile sanduku liliniuma kuliko yote. Selina aliwakaribisha, akawapa viti, kisha akaenda akakamata jogoo wake mkubwa akamchinja mwenyewe. Wageni wakatazamana. Mtu hachinjii ingokho watu anaowarudishia binti yao.

Chakula kilipoletwa, firigisi iliwekwa mbele yangu, kama desturi ilivyo kwa mzee wa shughuli. Niliitazama, nikashindwa kuigusa. Nikaenda nikaleta lile gunia, nikalikunjua mezani kati ya obusuma na mchuzi.

"Hii chokaa ndiyo iliyovunja vyungu," nikasema. "Na mimi ndiye niliyeituma. Jina hilo niliandika kwa mkono huu. Nilimtumia Wycliffe nikaelekeza namna ya kupandia mahindi, sikufikiri kwamba boma hili lina mtu anayeishi kwa kufinyanga. Binti yenu hana kosa. Kama kuna wa kurudishwa kwao leo, ni mimi."

Nilisukuma sahani ya firigisi kwa baba yake Rispa. Mzee aliiangalia, akaniangalia, akaikata kwa kisu vipande viwili, akanirudishia kimoja. Shangazi ndiye aliyecheka, akafuta macho, akalisukuma lile sanduku chini ya kiti kwa mguu.

Ndipo Selina akainuka, akatoka nje. Alirudi na tonge la udongo mbichi, limefinywa, alama za vidole vyake bado zikionekana juu yake. Hakuomba msamaha kwa mdomo. Mama mkwe wa huku haombi, na dada yangu hata tukiwa wadogo hakuwahi kuniomba. Alisimama mbele ya Rispa na watu wake wote, akamshika mkono, akauweka udongo kiganjani, akavifunga vidole vya msichana juu yake.

"Ukiona kitu kibaya kwa udongo, unasema," akamwambia. "Hata kama ni mimi nachota. Unasema."

Rispa alilia hapo mpaka udongo ukalowa.

Jumapili asubuhi kabla ya kanisa nilisaidia kukusanya lile rundo lote na kulimwaga kwenye shamba la mahindi, mahali pake. Udongo uliokwisha kuchanganywa nalo ulienda huko huko, ingawa Selina aliutupa kwa uchungu. Niliwaachia agizo moja dogo, kwamba mchanga wowote mpya uonjeshwe ndimu kwanza. Fanisi, yule mwenzake, alikuja kutoa pole, akakuta Rispa ana udongo hadi kwenye viwiko. Akauliza watachoma siku gani.

Saa tatu Rispa alinisindikiza hadi barabarani, amebeba mkoba wangu kichwani. Jiwe lilikuwa likilia juu yetu kama kawaida yake. Kirui alikuwa amepiga simu kwamba yuko karibu na lori limerudi tupu. Tulisimama kwenye kivuli cha kibanda cha nyanya, naye akaniuliza kwa ile sauti yake ya chini:

"Khotsa, na kama usingejuanga mambo ya mawe?"

"Unamaanisha nini, mama?"

"Kama ungekuwa khotsa tu. Kama ungekuja tu vile ulikuja, na hujui hiyo nukta nyeupe ni nini. Ungesemaje jana?"

Nilifungua mdomo nimjibu kwamba ningeuliza, ningechunguza, ningesimama upande wake. Lakini nilikuwa nimetoka Nakuru hadi Ilesi nikiyafanyia mazoezi yale maneno mazuri ya kumuaga, na hata mara moja njiani sikuwa nimejiuliza kama ana kosa.

"Ningekurudisha kwenu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyekuwa akijua. Lori likasimama. Alinipandishia mkoba, akaufunga mlango vizuri, na mkono wake ukaacha alama ya udongo kwenye kioo. Kirui alitaka kuifuta. Nikamwambia aiache.